Ngozi katika Moshi: Namna Mimea Inavyozikinga Seli dhidi ya Hewa Chafu, na Mipaka ya Kinga Hiyo

Moshi wa kuni na makaa, masizi ya magari ya dizeli na vumbi la barabara zisizo na lami ni sehemu ya maisha ya kila siku katika miji na vijiji vingi vya Afrika Mashariki na ya Kati. Madhara ya hewa hiyo kwa mapafu na moyo yamejulikana kwa muda mrefu. Yanayozungumzwa kwa nadra ni madhara yake kwa kiungo kinachokutana nayo hata kabla ya pua na koo, nacho ni ngozi.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza mwaka 2022 kwamba asilimia 99 ya watu wote duniani wanavuta hewa iliyo chafu kupita viwango vinavyopendekezwa na shirika hilo. Uchafuzi wa hewa ndani ya nyumba pekee, unaotokana hasa na kupikia kuni, makaa, kinyesi cha wanyama na mafuta ya taa, ulikadiriwa na WHO kusababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Ngozi iliyozeeka mapema haiwezi kulinganishwa na vifo hivyo. Hata hivyo, ngozi huonyesha waziwazi kile ambacho moshi unafanya kwa siri ndani ya mwili, na wanaoathirika zaidi ni walewale wanaokaa karibu na moto au kando ya barabara: akina mama wa nyumbani, mama lishe, wachoma mahindi, waendesha bodaboda na askari wa usalama barabarani.

Katika miongo miwili iliyopita, watafiti wa Ujerumani, China, Italia na Marekani wamechunguza jinsi hewa chafu inavyoharibu seli za ngozi. Wamechunguza pia uwezo wa kemikali fulani za mimea, ziitwazo antioksidanti, kupunguza uharibifu huo. Makala haya yanaeleza kinachojulikana, mimea inayohusika, na mambo ambayo mimea haiwezi kuyafanya.

Kilichomo ndani ya hewa chafu

Hewa chafu ni mchanganyiko wa gesi na chembechembe. Miongoni mwa gesi hizo ni oksidi za naitrojeni zitokazo kwenye injini za magari, dioksidi ya salfa itokayo kwenye makaa ya mawe na kwenye volkano hai kama Nyiragongo karibu na mji wa Goma, pamoja na ozoni. Ozoni iliyo juu sana angani huikinga dunia na mionzi mikali ya jua. Ile inayotengenezwa karibu na ardhi, jua kali linapoupiga moshi wa magari, ni sumu.

Chembechembe hupimwa kwa ukubwa wake. Zinazofuatiliwa zaidi ni zile zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, zijulikanazo kwa kifupi kama PM2.5. Unywele mmoja wa binadamu una upana wa mikromita 50 hadi 70, hivyo chembe hizo ni ndogo zaidi ya mara ishirini kuliko unywele. Mwaka 2021 WHO ilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka kwa chembe hizo kutoka mikrogramu 10 hadi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa, baada ya kubainika kwamba hata kiasi kidogo kina madhara.

Hatari ya chembe hizo haitokani na udogo wake peke yake. Masizi hubeba juu yake kemikali nyingine, zikiwemo metali na kundi la hidrokaboni zinazozaliwa kila kitu chenye kaboni kinapoungua bila kuisha: kuni mbichi, makaa, dizeli, taka za plastiki au tumbaku. Hidrokaboni hizo huyeyuka kwenye mafuta, na uso wa ngozi umepakwa mafuta yake ya asili. Masizi yanapotua juu ya uso wa mtu, kemikali hizo hupata njia ya kuingia.

Ngozi si ukuta usiopenyeka

Ngozi ya mtu mzima, ikitandazwa, ingefunika karibu mita mbili za mraba. Tabaka lake la nje kabisa limeundwa kwa seli zilizokufa, zilizopangwa mfano wa matofali huku mafuta yakiwa ndiyo saruji yake. Chini yake kuna seli hai zinazojizalisha kila mara, na miongoni mwake zimo seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi. Chini zaidi kuna tabaka nene lenye mishipa ya damu na nyuzi za kolajeni. Kolajeni ni protini inayoipa ngozi uimara, na ikipungua makunyanzi hutokea.

Hewa chafu huifikia ngozi kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya nje: masizi na gesi hugusa uso, shingo na mikono. Tabaka la nje likiwa zima huzuia sehemu kubwa ya chembe, lakini kwa mtoto mchanga, kwa mwenye ukurutu au kwa mtu ambaye ngozi yake imekauka na kupasuka, ulinzi huo hupungua. Njia ya pili ni ya ndani: chembe ndogo sana na kemikali zake huvutwa hadi mapafuni, huingia kwenye damu, na damu huzisambaza mwilini mpaka kwenye ngozi.

Ndani ya seli za ngozi kuna kipokezi maalumu kinachozitambua kemikali za moshi. Kikishazitambua, huiamuru seli kutengeneza vimeng'enya vya kuzivunjavunja. Kazi hiyo ni njema kwa nia yake, ila ina gharama: wakati wa kuvunja kemikali hizo, seli huzalisha kwa wingi molekuli zisizotulia ziitwazo radikali huru. Hapo ndipo uharibifu unapoanzia.

Radikali huru na kutu ya mwili

Molekuli nyingi hutulia kwa kuwa elektroni zake zimekaa mbili mbili. Radikali huru ni molekuli au atomu iliyobaki na elektroni moja isiyo na mwenzake. Ili itulie, hunyang'anya elektroni kutoka kwa molekuli jirani. Jirani aliyenyang'anywa naye huwa mnyang'anyi, na mlolongo huendelea.

Mlolongo huo unapotokea kwenye mafuta yanayoshikamanisha seli, ngozi hupoteza maji na kukauka. Ukitokea kwenye protini, seli hushindwa kazi zake. Ukifika kwenye vinasaba, huweza kuacha makosa yanayorithiwa na seli zinazofuata. Aidha, radikali huru huamsha vimeng'enya vinavyokata kolajeni, na huchochea seli za melanini kumwaga rangi kupita kiasi, hivyo madoa hutokea.

Mwili haukosi silaha zake. Mwaka 1956 mwanasayansi Mmarekani Denham Harman alitoa hoja kwamba radikali huru zinachangia kuzeeka. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani walieleza kimeng'enya cha mwili chenye kazi ya kuizima mojawapo ya radikali hizo. Ugunduzi huo ulionyesha kwamba vita kati ya radikali huru na vizuizi vyake ni jambo la kawaida katika kila seli hai. Shida huanza pale radikali zinapozalishwa kwa wingi kuliko uwezo wa seli kuzizima. Moshi, tumbaku na jua kali ni miongoni mwa mambo yanayoharibu mizani hiyo.

Ushahidi kutoka Ruhr hadi Shanxi

Kwa muda mrefu, kuzeeka kwa ngozi kulihusishwa na umri, jua na sigara tu. Mwaka 2010 watafiti wa taasisi ya tiba ya mazingira ya Düsseldorf, Ujerumani, wakiwemo Andrea Vierkötter na Jean Krutmann, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanawake 400 wenye umri wa miaka 70 hadi 80. Baadhi yao waliishi katika eneo la viwanda la Ruhr, wengine mashambani. Ilibainika kwamba ongezeko la masizi na la chembe zinazotokana na magari liliambatana na madoa zaidi kwa asilimia 20 kwenye paji la uso na mashavu, hata baada ya kuzingatia athari za jua na sigara.

Utafiti unaowagusa zaidi wakazi wa Afrika ulifanyika China na kuchapishwa mwaka 2015. Ulichunguza wanawake wa Pingding katika jimbo la Shanxi, na wa Taizhou katika jimbo la Jiangsu. Wanawake waliopikia kuni au makaa ya mawe walikuwa na mikunjo ya uso yenye kina zaidi kwa asilimia 5 hadi 8, na walielekea zaidi kuwa na makunyanzi madogo mgongoni mwa kiganja, wakilinganishwa na wasiotumia nishati hizo.  Moshi uliohusishwa na mabadiliko hayo ulikuwa wa jikoni kwao.

Mfano wa tatu unatoka Marekani. Novemba 2018, moto mkubwa wa msitu uliteketeza mji wa Paradise katika jimbo la California. Moshi wake ulifika San Francisco, umbali wa takriban kilomita 280. Watafiti wa chuo kikuu cha tiba cha mji huo waliripoti mwaka 2021 kwamba katika majuma ya moshi huo wagonjwa wa ukurutu na wa muwasho wa ngozi waliongezeka kliniki, watu wazima kwa watoto.

Tafiti za namna hii zinaonyesha mambo mawili yanayotembea pamoja; kwa zenyewe hazithibitishi kwamba moja ndilo lililozaa jingine. Uzito wake unatokana na kuafikiana na majaribio ya maabara, ambako seli na vipande vya ngozi vilivyowekwa kwenye masizi au ozoni huonyesha uharibifu wa aina ileile.

Kuhusu ngozi nyeusi, kuna dhana kwamba melanini inatosha kuwa kinga. Ni kweli kwamba melanini hupunguza madhara ya mionzi ya jua. Haizuii masizi kutua usoni, wala haizuii moshi kuvutwa. Tena, ngozi yenye melanini nyingi huelekea kuacha madoa meusi kila inapopata uvimbe au muwasho, na madoa hayo huweza kudumu kwa miezi kadhaa.

Antioksidanti na asili yake katika mimea

Antioksidanti ni kemikali yenye uwezo wa kuipa radikali huru elektroni inayoitafuta bila yenyewe kugeuka mnyang'anyi. Kwa njia hiyo mlolongo hukatika. Kila mpishi amewahi kuiona kazi inayofanana na hiyo: parachichi au kiazi kilichokatwa hubadilika rangi kikikaa wazi, lakini kikikamuliwa ndimu hukawia kubadilika. Asidi ya ndimu na vitamini C iliyomo ndani yake huzuia badiliko linaloletwa na oksijeni.

Mimea ina antioksidanti nyingi kwa sababu haiwezi kuhama. Mti husimama juani kutwa nzima, hupigwa na vumbi, huliwa na wadudu, na hauna kivuli cha kukimbilia. Kwa hiyo hujitengenezea kinga ndani ya majani, maganda, mbegu na matunda. Mara nyingi kinga hiyo huonekana kwa rangi au kusikika kwa ladha: wekundu wa nyanya, umanjano wa binzari, zambarau ya choya, ukakasi wa chai na ukali wa karafuu.

Vitamini C ni mfano mkuu. Wanyama wengi huitengeneza wenyewe mwilini, lakini binadamu hawezi; ni lazima aipate katika chakula. Ngozi inaihitaji kwa kazi mbili: kuzima radikali huru katika sehemu zenye maji ndani na nje ya seli, na kusaidia kutengeneza kolajeni. Vitamini E, iliyogunduliwa mwaka 1922 na Herbert Evans na Katharine Bishop nchini Marekani, hulinda sehemu zenye mafuta. Vitamini hizo mbili hushirikiana: vitamini E ikishatoa elektroni yake, vitamini C huirudishia ili iendelee na kazi.

Kundi la tatu ni la polifenoli, zilizomo katika chai, kahawa, kakao, matunda na viungo. Kundi la nne ni la karotini na jamaa zake, zinazoipa mimea rangi ya chungwa, manjano na nyekundu.

Baadhi ya kemikali za mimea hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Badala ya kupambana na radikali moja moja, huamsha swichi ndani ya seli inayoiamuru itengeneze kwa wingi vimeng'enya vyake yenyewe vya ulinzi. Maarufu zaidi kati ya hizo ni salforafeni, ambayo hupatikana hasa katika miche michanga ya brokoli.

Yapatikanayo sokoni

Mkazi wa ukanda huu hahitaji mimea ya ng'ambo ili kupata kinga hizi. Mapera yana vitamini C takriban mara nne ya ile ya machungwa kwa uzito uleule. Unga wa ubuyu, uuzwao kuanzia pwani ya Kenya hadi Dodoma, nao una vitamini hiyo kwa wingi, mradi usiwe umechemshwa na kuzamishwa kwenye sukari na rangi. Mchicha, unaoitwa lengalenga mashariki mwa Kongo na nchini Burundi, pamoja na kisamvu au sombe, hutoa karotini.

Vitamini E hupatikana katika mafuta ya alizeti na karanga. Mawese mekundu, yanayopendwa Kigoma, Burundi na Kongo, yana jamaa za vitamini E, na wekundu wake ni wa karotini. Yakisafishwa mpaka yawe meupe, au yakichomwa sana, karotini hiyo hupotea. Chai inayolimwa Kericho, Rwanda na Burundi ina polifenoli. Ile ya kijani huzihifadhi katika hali yake ya asili, na ile nyeusi hubadilisha sehemu kubwa yake wakati wa kusindikwa bila kuziondoa zote. Katika pumba za mahindi mna asidi ya feruliki kwa wingi, hivyo mlaji wa dona huipata zaidi kuliko mlaji wa sembe, ingawa sehemu kubwa yake imefungwa ndani ya nyuzinyuzi na haifyonzwi kwa urahisi.

Sukuma wiki na kabichi ni ndugu wa brokoli. Kitaalamu zote ni za spishi moja. Zina kemikali za jamii moja na ile inayozaa salforafeni, ingawa kwa aina na viwango tofauti. Kemikali hizo huamka pale jani linapokatwa au kutafunwa, kwa msaada wa kimeng'enya kilichomo ndani ya jani. Mboga ikichemshwa mpaka ikafa, kimeng'enya hicho hufa pia, na vitamini C hubaki katika maji yanayomwagwa. Kwa nyanya, mambo ni kinyume: rangi yake nyekundu, iitwayo likopeni, hufyonzwa vizuri zaidi ikipikwa na mafuta kidogo.

Majaribio yalivyoonyesha

Je, kuna uthibitisho kwamba kemikali hizi huikinga ngozi ya mtu aliye hai? Upo, lakini una vipimo vyake.

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, chini ya Sheldon Pinnell, walichanganya vitamini C kwa asilimia 15, vitamini E kwa asilimia 1 na asidi ya feruliki kwa asilimia 0.5. Asidi hiyo iliwafanya wenzake wasiharibike upesi, na uwezo wa mchanganyiko huo kuikinga ngozi dhidi ya mionzi ya jua ukaongezeka maradufu. Baadaye Giuseppe Valacchi, mtafiti Mwitaliano, pamoja na wenzake walijaribu michanganyiko ya namna hiyo dhidi ya ozoni, wakaona kwamba seli za ngozi zilizotangulia kupakwa zilipata uharibifu mdogo zaidi. Hapo kabla, mwaka 1997, ilikwishaonyeshwa katika ngozi ya panya kwamba ozoni huimaliza vitamini E iliyopakwa juu yake. Kwa maneno mengine, vitamini hiyo hujitoa mhanga kwa niaba ya ngozi.

Kwa upande wa chakula, watafiti wa Düsseldorf waliwapa watu wa kujitolea gramu 40 za nyanya ya kopo pamoja na gramu 10 za mafuta ya zeituni kila siku. Baada ya majuma 10, ngozi yao ilipomulikwa mionzi ya jua bandia, wekundu uliojitokeza ulikuwa pungufu kwa asilimia 40 kuliko wa wale ambao hawakupewa nyanya. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2001. Jaribio hilo lilihusu jua, si moshi, lakini linaonyesha kwamba kinachopita mdomoni hufika ngozini.

Jaribio lililohusu hewa chafu yenyewe lilifanyika Qidong, China, katika eneo lenye uchafuzi mkubwa. Watu 291 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilikunywa kinywaji cha miche ya brokoli kila siku kwa majuma 12, jingine kinywaji kisicho na kemikali hiyo. Matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliokunywa brokoli walitoa kwa njia ya mkojo benzini zaidi kwa asilimia 61, na akroleini zaidi kwa asilimia 23. Zote mbili ni sumu za moshi. Hewa waliyovuta haikubadilika, ila miili yao ilipata wepesi wa kuondoa sehemu ya uchafu ulioingia. Jaribio hilo halikupima ngozi.

Tahadhari zinazostahili kuzingatiwa

Habari hizi njema zina upande wa pili, na upande huo umegharimu maisha ya watu.

Katika miaka ya 1980 ilionekana kwamba watu wanaokula mboga na matunda yenye karotini hupata saratani ya mapafu kwa nadra. Ikadhaniwa kwamba vidonge vya karotini vingewalinda wavutaji wa sigara. Nchini Finland, wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara waliingizwa katika jaribio kubwa. Matokeo ya mwaka 1994 yaliwashangaza wote: waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Jaribio jingine, lililofanyika Marekani kwa watu zaidi ya 18,000, lilisitishwa Januari 1996 kabla ya muda wake kwa sababu hiyohiyo.

Somo lake ni kwamba dozi kubwa ya kemikali moja katika kidonge si sawa na mchicha ndani ya sahani. Katika mapafu yaliyojaa moshi, karotini nyingi kupita kiasi inaweza kugeuka kutoka kinga kuwa madhara. Kwa hiyo mvutaji wa sigara hana sababu ya kumeza vidonge hivyo, ila anaweza kula mboga kama mtu mwingine yeyote.

Tahadhari ya pili inahusu kupaka. Kitu kinachofaa tumboni hakifai daima usoni. Ndimu na limau, zikipakwa kwenye ngozi kisha mtu akatoka juani, huweza kuunguza na kuacha madoa meusi, kwa kuwa zina kemikali zinazoamshwa na mionzi ya jua. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huchoma. Manjano hayaunguzi, lakini kemikali yake kuu hufyonzwa kwa shida sana, hivyo kuyapaka au kuyanywa hakuwezi kuahidi mambo makubwa. Vitamini C nayo huharibika upesi ikikutana na hewa na mwanga. Krimu iliyokaa kwenye meza ya mchuuzi juani mpaka ikabadilika rangi haina tena thamani iliyoandikwa kwenye chupa.

Tahadhari ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote kwa ukanda huu. Anayeona madoa usoni mwake, bila kujua kwamba chanzo huenda ni moshi na jua, mara nyingi hukimbilia krimu za kujichubua. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, ambayo huharibu figo, au haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu bila daktari huweza kuleta madoa ya kudumu yaliyo meusi kuliko yale ya awali. Kenya, Tanzania na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vyenye kemikali hizo. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013, unaohusu zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza na kuuza nje vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni. Pamoja na hayo, bado hupenya mipakani na kuuzwa kwa siri. Ngozi iliyochubuliwa, ambayo tabaka lake la nje limeliwa, huwa dhaifu zaidi mbele ya moshi uleule uliolizaa doa.

Hatua za kila siku, na chanzo chenyewe

Wataalamu wa ngozi hukubaliana juu ya hatua chache zisizo na gharama kubwa. Ya kwanza ni kuosha uso na mikono jioni kwa sabuni isiyo kali, ili masizi na mafuta yaliyoyanasa yasilale usoni usiku kucha. Kusugua kwa nguvu au kwa dodoki gumu hakusaidii. Hubomoa ukuta unaohitajika. Ya pili ni kupaka mafuta au losheni isiyo na manukato makali wakati ngozi ingali na unyevu. Ya tatu ni kujikinga na jua kwa kofia, mtandio au losheni maalumu, kwa kuwa jua na masizi vikikutana madhara yake huzidi. Ya nne ni mlo wenye mboga, matunda na mafuta ya mimea, unaoliwa kila siku, si kwa msimu wa ugonjwa. Mwenye ukurutu au madoa yanayoongezeka anashauriwa kumwona mhudumu wa afya kabla ya kununua krimu yoyote.

Hatua hizo hupunguza madhara, ila haziondoi moshi. Kinga ya mimea ina ukomo: kila molekuli ya vitamini E iliyokutana na ozoni imetumika, na moshi ukiendelea kuja, akiba huisha. Aidha, krimu yoyote ipakwayo usoni haiwezi kuyalinda mapafu ya mtoto aliyebebwa mgongoni mwa mama anayepuliza moto.

Ndiyo maana mjadala umeelekea kwenye chanzo. Nchini Tanzania, mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 umelenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Nchini Uganda, mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, hutengeneza vifaa vya bei nafuu vya kupima hewa vinavyowekwa juu ya majengo na kubebwa na bodaboda, kwanza Kampala na baadaye katika miji mingine ya Afrika. Bila vipimo kama hivyo, wakazi hawawezi kujua ni mtaa upi na saa ipi hewa huwa mbaya zaidi, wala hawana ushahidi wa kuwadai viongozi wao.

Kwa kaya ambayo bado haijaweza kununua mtungi wa gesi au jiko la umeme, hata mabadiliko madogo yana maana: kupikia nje au kwenye jiko lenye dirisha na bomba la moshi, kutumia kuni zilizokauka, kufunika sufuria ili chakula kiive upesi, kuloweka maharage usiku ili yasikae motoni kwa saa nyingi, na kutochoma plastiki kuwashia moto. Kila saa inayopunguzwa mbele ya moshi ni saa ambayo seli za ngozi hazihitaji kupambana, na ambayo mapafu nayo yanapumzika.